Oili ya Pipa kwenye Kopo la Turbo

Kila asubuhi, kabla majirani hawajamaliza usingizi wao, pikapu ya Mzee Rodrick ilinguruma nyuma ya nyumba pale Levolosi. Hedwiga, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alipousikia mlio ule alijua ni wakati wa kutoka kitandani na kusuuza madebe ya maziwa kwa maji ya moto. Baba yake aliyapakia, akaelekea Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa Mlima Meru, ambako akina mama wafugaji walimngoja na maziwa ya asubuhi. Akirudi, mama yake Hedwiga, Fransiska, aliyachemsha. Mengine aliyauza yakiwa ya moto kwenye mgahawa wake mdogo, mengine aliyagandisha yawe mtindi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba ile, na pikapu ndiyo iliyokuwa miguu yake.

Pikapu yenyewe ilikuwa mpya kwao, ingawa Wajapani walikuwa wameshaichoka. Miaka ile ya tisini mwanzoni biashara ilikuwa imefunguliwa, na magari yaliyotumika yalikuwa yakishushwa bandarini kila uchao. Mzee Rodrick aliuza Landrova yake kuukuu, ambayo ilivujisha oili kila iliposimama mpaka uani pakawa peusi, akanunua pikapu ya dizeli yenye turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi zaidi, ili gari lipande mlima na mzigo bila kuhema. Inazunguka kwa kasi ya ajabu, inapata moto mkali, na kinachoilinda isijitafune ni oili inayopita ndani yake.

Aliyewauzia gari alimwonya Mzee Rodrick asizime injini mara tu anapofika. Aiache ingurume kidogo, oili ipate kuipoza turbo. Mzee Rodrick, ambaye saa yake ilikuwa ikisimama inapotaka, akajitafutia kipimo chake. Kila alipofika mahali alikaa mikono ikiwa kwenye usukani, akasali Baba Yetu na Salamu Maria polepole, ndipo akazima. Majirani walidhani ni uchaji, wakamsifu sana pale kigangoni. Naye hakuwakosoa.

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, Mzee Rodrick aliamua kubadilisha oili. Alilala chini ya gari, akamwaga ile iliyochoka kwenye karai, kisha akamwita bintiye.

"Hedwiga, nenda dukani kwa Mzee Navin, karibu na Soko Kuu. Chukua kopo hili tupu umwonyeshe. Akupe kama hili hili, jipya, ambalo kifuniko chake hakijafunguliwa. Usinunue kwingine."

"Kwa nini nisinunue hapo kona, Baba? Si ni karibu?"

"Kwa sababu nimesema," alijibu Mzee Rodrick kutoka chini ya gari, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hedwiga akaondoka na kopo lake. Ilikuwa mapema, jua lingali juu, na miguu yake ilikuwa na nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba njia ilipita mbele ya nyumba ya rafiki yake Princess, na mbele ya nyumba hiyo wasichana walikuwa wanacheza rede.

"Heda, njoo, tumepungukiwa," Princess aliita.

"Nimetumwa."

"Mchezo mmoja tu. Duka linakimbia?"

Hedwiga aliweka kopo kando ya ukuta. Mchezo mmoja ukazaa mwingine, kama kawaida ya rede. Aliukwepa mpira, akajaza mchanga kwenye chupa, akashangiliwa, akasahau dunia. Alipokumbuka, kivuli cha nyumba kilikuwa kimevuka barabara. Alilinyakua kopo na kukimbia mpaka Soko Kuu bila kupumzika, akakuta mlango wa duka la Mzee Navin umefungwa, kufuli kubwa likiwa limening'inia.

Alisimama pale akihema na kulitazama lile kufuli kwa muda. Angeweza kurudi na kusema ukweli: nimechelewa, nilikuwa nacheza. Baba angekasirika, na kesho maziwa yangechelewa kwa sababu gari halikuwa na oili. Mawazo hayo hayakumpendeza. Alirudi nyumbani kwa njia ya kona, na pale kona palikuwa na pipa.

Pipa lile kila mtu wa Levolosi alilijua. Lilikuwa na pampu ya mkono, na mwenye nalo aliuza oili ya kupima. Miaka ya nyuma, maduka yalipokuwa matupu, oili ya pipa ndiyo iliyokuwa oili, na mtu aliipata kwa kupanga foleni. Mzee Rodrick mwenyewe alikuwa akimtuma Hedwiga hapo na kopo lolote lililokuwapo nyumbani, likiwa la mafuta ya kupikia au la rangi, akachukue oili ya Landrova. Kopo lilikuwa chombo tu, na hakuna aliyejali maandishi yake.

"Ni ya gari la baba?" muuzaji aliuliza huku akishika pampu.

"Ndiyo."

"Hii ni namba hamsini. Nzito, ina nguvu."

Hakuuliza ni gari gani, na Hedwiga hakumwambia. Moyoni alijua kabisa kwamba hiki sicho alichotumwa. Lakini alijiambia kwamba Landrova iliinywa oili hii miaka yote na haikufa, na kwamba oili ni oili. Kopo likajaa. Akalifuta kwa upindo wa kanga mpaka likang'aa, na chenji iliyobaki akaifunga kwenye leso. Hakuigusa, ila pia hakuitaja.

Nyumbani, Mzee Rodrick alilipokea kopo akaligeuza.

"Mbona kifuniko kimefunguliwa?"

"Mzee Navin alikifungua," Hedwiga alisema, na maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotarajia. "Alitaka kuhakikisha kama ni yenyewe."

"Navin anajua kazi yake," baba alisema. Alichovya kidole, akasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyozoea enzi za Landrova. "Nzito. Nzuri."

Akaimimina yote kwenye injini. Hedwiga alikuwa amesimama kando akishika faneli, na alitamani baba yake angesema chochote kingine isipokuwa "nzuri".

Kesho yake baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeshuka mlimani na kukaa mjini. Hedwiga alipanda mbele na baba yake, kwa kuwa wakati wa likizo alimsaidia kuhesabu madebe. Baba alipozungusha ufunguo, injini iligeuka kwa shida, ikakataa, ikageuka tena, ndipo ikawaka. Taa nyekundu ya oili, ambayo siku zote ilizimika mara moja, ilibaki ikimkodolea macho Hedwiga mpaka akaangalia pembeni.

"Baridi ya leo," alisema Mzee Rodrick.

Lakini haikuwa baridi tu. Walipopita Ngaramtoni na barabara ikaanza kupanda, ile turbo ambayo kwa kawaida ilipiga mluzi mwembamba wa raha, sasa ilikuwa inalia. Mlio uliongezeka gari lilipovuta na kupungua lilipolegea. Mzee Rodrick alizima redio asikilize vizuri. Kwa kawaida alikuwa mtu wa hadithi njiani, ila siku hiyo hakusema neno mpaka wakafika Oldonyo Sambu.

Akina mama walikuwa tayari kando ya barabara, vibuyu na vidumu vyao mbele yao, pumzi zikitoka kama moshi. Mzee Rodrick alisali sala yake haraka haraka, akazima, akafungua boneti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua. Oili ilining'inia kwenye ncha kama asali, haikutaka kudondoka.

Bibi mmoja mrefu alisogea. Huyo alikuwa Nosim, kiongozi wa akina mama wale, na Hedwiga alimwita Koko, kama wajukuu wa huko wanavyowaita bibi zao. Hedwiga aliinamisha kichwa, Nosim akakigusa kwa kiganja, ndiyo salamu ya mkubwa kwa mtoto.

"Gari linaumwa, Baba Hedwiga?" aliuliza.

"Linauawa, Mama," alijibu Mzee Rodrick, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Navin kaniuzia oili ya bandia. Navin, mtu niliyemwamini tangu nikiwa kijana. Siku hizi wanajaza takataka kwenye makopo mazuri, nilikuwa nasikia tu. Basi nikishuka mjini nitakwenda kusimama mlangoni pake, nitamwambia kila mwenye gari ajue ni mtu wa namna gani."

Tangu jana alikuwa akiwaza juu ya gari na juu ya hasira ya baba yake. Hakuwa amewaza hata kidogo juu ya Mzee Navin. Na sasa mzee yule, ambaye wakati ule pengine alikuwa anafungua duka lake bila habari, alikuwa karibu kuitwa mwizi mbele ya watu kwa oili ambayo hakuiuza.

Alipiga hatua moja kuelekea kwa baba yake. Wakati huo huo akina mama wakaanza kumimina maziwa.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kila mama alikuja na maziwa yake, Nosim akayanusa, akayaonja, ndipo yakamiminwa kwenye debe moja pamoja na ya wenzake. Yakishaingia humo hayakuwa tena ya fulani, yalikuwa ya wote. Ikafika zamu ya mama mmoja kijana aitwaye Resiato, aliyekuwa na kibuyu kikubwa kuliko vyote. Nosim alinyoosha mkono, lakini Resiato hakumpa.

"Yangu leo yasichanganywe, Koko," alisema. "Ng'ombe wangu alivimba kiwele, bwana mifugo akamchoma sindano juzi. Amesema tusubiri dawa itoke kwanza."

"Ungeweza kunyamaza, yananuka vizuri tu," alisema Nosim akimtazama.

"Ningeweza. Halafu mtoto wa mtu huko mjini anywe dawa yangu."

Hakuna aliyemcheka. Nosim alimshika bega. "Nenda kayamwage, mwanangu. Leo utarudi mikono mitupu, lakini debe letu ni zima." Kisha akawageukia wengine na kazi ikaendelea. Resiato alikaa pembeni kwenye jiwe, kibuyu mapajani, na uso wake haukuwa na aibu yoyote.

Hedwiga alimtazama yule mama na kibuyu chake kilichojaa. Alitembea mpaka kwa baba yake aliyekuwa bado ameinamia injini.

"Baba, Mzee Navin hajakuuzia oili."

Mzee Rodrick aligeuka taratibu. "Unasemaje?"

"Nilicheza rede kwa akina Princess mpaka duka likafungwa. Nikanunua ya pipa, pale kona, nikaitia kwenye kopo letu. Mzee Navin hata sikumwona. Nilikudanganya, Baba. Chenji hii hapa." Alifungua leso, na machozi yakamwagika yenyewe.

Mzee Rodrick aliitazama leso. Akaukaza mkono wake kwenye ukingo wa boneti mpaka vifundo vikabadilika rangi, na kwa muda Hedwiga hakujua kitakachotokea. Hatimaye baba alivuta pumzi ndefu.

"Na mimi nilikuwa naenda kumtukana mtu wa watu," alisema, kwa sauti ya chini, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Akawageukia akina mama. "Mmesikia nilivyomsema Navin. Nafuta maneno yangu. Mtu yule hana kosa lolote."

Kisha akamwinamia bintiye. "Mimi na wewe tutaongea. Lakini maziwa hayawezi kutungoja tuongee, yataganda hapa hapa. Siwashi hili gari tena na oili hii. Utafanya hivi: utashuka na maziwa, utamkabidhi mama yako, halafu utakwenda kwa Mzee Navin umweleze yote kwa mdomo wako mwenyewe. Usifiche hata hilo nililomsema. Ndipo umwombe oili ya turbo na filta yake."

Hedwiga angechagua viboko kuliko safari hiyo, lakini hakuulizwa anachagua nini.

Bahati ilikuwa upande wao. Lori la Nathanaeli, dereva aliyefahamiana na Mzee Rodrick, lilitokea likishuka na magunia ya viazi. Madebe yakapangwa juu, Nosim akapanda kuyalinda, Hedwiga akaketi karibu naye wakiegemea magunia. Njia nzima Nosim hakumhubiria. Alimkinga upepo kwa shuka lake, akashika mfuniko wa debe lililokuwa linacheza, na walipokaribia mjini akasema tu, "Umesema mapema. Ungesema kesho, ungelia zaidi."

Mama Fransiska alisikiliza habari yote akiwa na mwiko mkononi. "Kwanza maziwa," alisema, akayabandika jikoni. Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye masale aliyoyaleta kutoka kwao Kibosho na kuyapanda kando ya ua. Akakata matawi mawili.

Hedwiga hakuhitaji maelezo. Kwa Wachaga, mtu aliyekosa akikujia na sale mkononi amekuja kuomba msamaha, na si vizuri kumfukuza. "Moja la Mzee Navin, moja la baba yako," alisema mama. Akamwongezea pesa iliyopungua ya oili, akampa kikapu. "Haya, nenda. Na leo usipite kwa akina Princess."

Dukani, Mzee Navin alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye ncha ya pua, na mkewe Chandrika alikuwa anapanga balbu kwenye rafu. Ukutani makopo ya oili yalijaa mpaka darini, rangi zote: yenye picha ya simba, yenye picha ya gari la mashindano, yenye radi. Zamani rafu zile zilikuwa na vumbi tu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti Rodrick. Baba mzima?"

Hedwiga aliliweka sale juu ya kaunta na kusema yote, rede, pipa, uongo, na jinsi baba alivyomwita mwuza bandia mbele ya akina mama wa Oldonyo Sambu. Alisema akiangalia chini.

Mzee Navin alilishika lile jani refu. Alikuwa amezaliwa Arusha, akauza vipuri kwa Wachaga maisha yake yote, na alijua vizuri lina maana gani. "Jina la duka ndilo duka lenyewe, mtoto," alisema. "Bidhaa naweza kuagiza nyingine. Baba yako angesimama hapo nje na kusema alivyotaka kusema, ningeagiza jina wapi?"

"Nisamehe, mzee."

"Umeleta sale, nitakataaje?" Alimpa Chandrika lile tawi, naye akalitia kwenye glasi ya maji karibu na mizani. "Sasa nichagulie oili ya gari la baba yako. Ndiyo adhabu ninayokupa."

Hedwiga alitazama rafu, akanyoosha kidole kwenye kopo la gari la mashindano.

Mzee Navin akacheka kidogo. "Kila mtu huchagua hilo. Umenunua picha. Picha haiingii kwenye injini. Soma huku nyuma." Akaliweka karibu na kopo jingine, la rangi ya kijivu, lisilovutia hata kidogo. "Tafuta herufi. Hili la picha limeandikwa S, ni la gari la petroli. Hili lina C, ni la dizeli. Herufi inayofuata C ni daraja lake. Hii D inasema linahimili turbo."

"Na hizi namba?"

"Kumi na tano, halafu W, halafu arobaini. Ile ya kwanza yenye W ni ya asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inakimbia haraka kufika kwenye turbo. Ya pili ni ya injini ikiwa moto, inasema oili haitakuwa maji. Ile ya pipa uliyonunua ilikuwa hamsini peke yake. Asubuhi ya leo, kule kwenye baridi, ilikuwa bado inajikokota huku turbo imeshaanza kuzunguka kavu."

"Lakini Baba aliisugua akasema nzito ni nzuri."

"Baba yako alijifunza kwa Landrova. Ile ilikuwa mzee asiye na meno, ilitaka uji mzito, oili nyepesi ingemwagika yote barabarani. Hii ni gari nyingine. Vidole havijui kusoma herufi." Aliifunga filta kwenye gazeti. "Mngeendelea hivi wiki kadhaa, turbo ingekuwa chuma chakavu. Mmewahi. Na mwambie baba kopo likiisha alitoboe kwa msumari, lisije likajazwa tena, na mtoto wake au na tapeli."

Hedwiga aliona haya, ila Mzee Navin alikuwa anatabasamu.

Nathanaeli alikuwa anarudi juu kuchukua viazi vingine, akampeleka yeye na Nosim. Walimkuta Mzee Rodrick amemwaga oili yote ya pipa, mikono myeusi mpaka viwikoni. Hedwiga alimkabidhi kwanza sale. Baba alilipokea kwa mikono miwili iliyochafuka, akalichomeka juu ya dashibodi, mahali anapoliona mtu akiendesha.

Kisha wakafanya kazi pamoja. Hedwiga alimsomea herufi na namba kabla hajafungua kifuniko, akamweleza S na C, na W ya asubuhi. Baba alisikiliza. Kidole chake kilikwenda kwenye oili kwa mazoea, kikasita, akakirudisha. Ikawekwa filta, ikamiminwa oili, ufunguo ukazungushwa. Injini iliwaka, taa nyekundu ikazimika mara moja, na waliposhika barabara ya kushuka ule mluzi mwembamba ulisikika tena. Mzee Rodrick alifungua redio.

Walipofika Levolosi hakuzima gari. Alikaa, mikono kwenye usukani, na safari hii alianza kuongea badala ya kusali.

"Jana uliniuliza kwa nini usinunue pale kona, nami nikakujibu kwamba nimesema. Hilo ni kosa langu. Ningekueleza, ungejua unabeba nini. Lakini hata mtu asiyejua turbo anajua kwamba alichotumwa sicho alicholeta. Oili mbaya nilikuwa naisikia inavyolia tangu Ngaramtoni. Uongo wako sikuusikia. Ulikuwa umekaa karibu yangu kimya, na mimi nikaelekeza lawama kwa mtu asiye na kosa. Ukikosea, Hedwiga, njoo useme wakati jambo bado linatengenezeka. Nitakasirika, na hasira itaisha. Lakini nitajua pa kushika."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, sali wewe leo. Ukimaliza, zima."

Hedwiga alisali Baba Yetu na Salamu Maria, polepole, hakuruka neno. Kisha akazungusha ufunguo na injini ikanyamaza.

Shule zilipofungwa tena, oili ilikuwa inahitaji kubadilishwa. Mzee Rodrick alimwita bintiye kutoka chini ya gari, akampa pesa, wala hakumpa kopo la kuonyesha. Hedwiga alipita mbele ya nyumba ya Princess, akapunga mkono, akaendelea. Alirudi na kopo la kijivu, kifuniko kizima. Baba alilipokea akalifungua na kumimina, hakuligeuza wala kuuliza kitu.

Lilipokuwa tupu, alimpa nyundo na msumari. Hedwiga alisita.

"Hunitumi tena na kopo, Baba. Si tungelihifadhi tu?"

"Toboa," alisema Mzee Rodrick. "Ni kwa ajili ya matapeli. Kwa ajili yako halihitaji kutobolewa."

Hedwiga alilitoboa chini mara kadhaa na kulikata juu, akaliosha kwa sabuni na majivu mpaka mafuta yote yakatoka. Akalijaza udongo, akapanda humo tawi jipya la sale alilokatiwa na mama yake. Jumatatu alilipeleka dukani kwa Mzee Navin, kwa sababu lile la kwenye glasi lilikuwa limeshatoa mizizi na lilihitaji mwenzake.